Sura ya Saba: Ardhi, Ujira na Debe la Kura

Mijadala mingi kuhusu umoja wa mrengo wa kushoto nchini Kenya huanzia Nairobi, katika kumbi ambamo viongozi wa makundi madogo hutafuta kwanza jina la muungano, kisha jina la mgombea, na mara nyingi mijadala hiyo humalizikia humo humo. Sura hii inaanzia Galu, katika pwani ya Kwale, kusini ya Diani kuelekea Kinondo, kwa sababu katika eneo hilo dogo yanakutana karibu madai yote ambayo mrengo wa kushoto hujitolea kuyasemea: ardhi isiyo na hati, ajira ya kibarua katika hoteli, njia za kwenda baharini zilizozibwa kwa kuta, na madini yaliyochimbwa jirani na watu ambao hawakuwa na sauti juu yake.

Mrengo wa kushoto, kama unavyoelezwa hapa, ni mkusanyiko wa vyama vya siasa, vyama vya wafanyakazi na harakati za wananchi zinazoamini kwamba ardhi, rasilimali na matunda ya kazi vinapaswa kuendeshwa kwa manufaa ya walio wengi, na kwamba mpaka mkubwa zaidi katika jamii ni ule uliopo kati ya wenye mali na wasio nayo, si ule wa kabila na kabila. Muungano wa uchaguzi nao ni mapatano ya vyama viwili au zaidi ya kushirikiana katika kusimamisha wagombea, kuendesha kampeni na kugawana madaraka baada ya ushindi. Mambo hayo mawili hayalingani kwa urahisi, kwa kuwa la kwanza hudumu kwa imani na la pili huishi kwa kalenda ya uchaguzi, na historia ya Kenya imejaa miungano iliyoianza safari kwa jina la umma ikaimaliza kwa jina la mtu mmoja.

Hoja ya sura hii ni kwamba muungano wa mrengo wa kushoto husimama pale tu unapojengwa juu ya madai machache yanayotajwa waziwazi, yanayomgusa mwenyeji na mgeni kwa pamoja, na juu ya utaratibu wa kuteua wagombea uliokubaliwa kabla wagombea wenyewe hawajajulikana. Muungano unaokosa nguzo mojawapo kati ya hizo huvunjika, hata kama viongozi wake ni waaminifu na hata kama wafuasi wake ni wengi.

Madai manne, mzizi mmoja

Dai la ardhi ndilo kongwe kuliko yote. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani wa maili 10, ukanda uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina na wa Waingereza kwa utawala, alipeleke dai lake lisikilizwe na kusajiliwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya dola ya kikoloni. Jamii zilizotumia ardhi kwa misingi ya ukoo na mila, Wadigo wakiwamo, zilipata taabu kuingia katika utaratibu uliomtambua mtu mmoja mwenye karatasi, na wengi wakaja kuitwa maskwota, yaani watu wanaokaa kwenye ardhi ambayo sheria haiwatambui kuwa wamiliki wake, palepale walipozikwa babu zao. Mapatano ya Oktoba 1963 yaliyoufanya ukanda huo kuwa sehemu ya Kenya yalizitambua hati zilizokuwapo. Baada ya uhuru, viwanja vya ufuoni viliangukia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na madaraka, jambo lililoelezwa katika ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, na tena katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013.

Dai la pili ni ujira. Hoteli za Diani na Galu huajiri watu wengi wakati wa msimu wa watalii na kuwaachisha msimu unapopita, na kwa mpishi, mhudumu au mlinzi anayefanya kazi kwa mikataba mifupi, chama cha wafanyakazi wa hoteli cha KUDHEIHA huwa na nguvu pale tu mkataba unapodumu kiasi cha mtu kujiunga na kutetewa. Utalii wa kusini ya pwani uliporomoka baada ya ghasia za mwaka 1997, zitakazoelezwa mbele, ukayumba tena mwaka 2014 baada ya nchi za Magharibi kuwaonya raia wao wasisafiri pwani, ukasimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na kila mara waliobeba mzigo wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa ngazi ya chini na watu wanaoishi kwa pesa za wafanyakazi hao: muuza samaki, dereva wa tuktuk, mama wa mkahawa, mchuuzi wa vinyago ufuoni.

Dai la tatu ni la bahari. Mvuvi anahitaji mambo mawili, nayo ni mahali pa kutia chombo na njia ya kufika hapo, na yote mawili hupungua kila kiwanja cha ufuoni kinapozungushiwa ukuta. Kamati za usimamizi wa fuo, zinazojulikana na wavuvi kwa kifupi chake cha BMU, zimepewa kazi ya kusimamia uvuvi na bandari ndogo za wavuvi, lakini kamati hizo hazina mamlaka juu ya hati za viwanja vinavyozizunguka.

Dai la nne ni la madini na mashamba makubwa. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilianza kutafuta titani katika eneo la Nguluku na Maumba katikati ya miaka ya 1990, ikakabiliwa na upinzani wa wakulima, na mradi huo ukaja kuendelezwa na kampuni ya Base Titanium, tanzu ya kampuni ya Australia, iliyochimba kuanzia mwaka 2013 hadi ilipofunga shughuli za uchimbaji mwishoni mwa Desemba 2024. Familia zilihamishwa kupisha mgodi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilitenga asilimia 70 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huilipa nchi kwa ajili ya madini yaliyotolewa, kwa serikali ya taifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii inayoishi eneo la machimbo, na kupatikana kwa hiyo asilimia 10 kukawa dai la kudumu la wanakijiji. Kusini zaidi, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988, na kampuni ya KISCOL ilipokuja kuufufua ukulima wa miwa, mgogoro kati ya shamba kubwa na watu waliokuwa wakilima na kukaa katika ardhi hiyo ukafufuka pamoja nao.

Mzizi wa madai hayo manne ni mmoja, kwa kuwa yote yanahusu nani anaamua juu ya mali ya eneo na nani anapata faida yake. Hata hivyo kila dai lina mlango wake wa kubishia: skwota huenda kwa maofisa wa ardhi, mfanyakazi huenda kwa chama chake, mvuvi huenda kwa BMU, na aliyehamishwa na mgodi huenda kwa kamati ya kampuni. Mgombea ubunge hukutana na kila kundi kando, humwahidi kila mmoja lake, na baada ya uchaguzi hakuna chombo kinachoweza kumdai yote kwa pamoja. Pengo hilo ndilo ambalo muungano wa mrengo wa kushoto unapaswa kulijaza.

Urithi uliozimwa mara tatu

Pwani haikuwa mgeni katika siasa za mrengo huu. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 uliwaleta pamoja makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli na watumishi wa majumbani waliotoka kila upande wa nchi, na chama cha wafanyakazi kilichotokana nao, kikiongozwa na Chege Kibachia, kiliogopwa na serikali ya kikoloni kiasi cha Kibachia kukamatwa na kupelekwa uhamishoni ndani ya mwaka huo huo. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia walipojiondoa katika KANU, chama tawala, kwa sababu ya sera ya ardhi na kwa kuona kwamba matunda ya uhuru yalikuwa yakielekea kwa wachache, waliunda chama cha KPU, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo chama hicho kilipata viti 7 kati ya 19 vya Baraza la Wawakilishi na 2 kati ya 10 vya Seneti. Miongoni mwa wafuasi wake alikuwapo kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliyeandika waraka wa mwaka 1968 uitwao Kenya: Twendapi? na kufungwa miaka mitatu kwa sababu hiyo. Tungo alizoziandika gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969. Odinga na George Anyona walipotaka kusajili chama cha kisoshalisti mwaka 1982, Bunge liliharakisha kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee cha kisheria. Zilizofuata zilikuwa siasa za chinichini za Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kuikomboa Kenya, na kamatakamata ya miaka ya 1980 iliyowapitisha wengi katika vyumba vya mateso vya jengo la Nyayo House, Nairobi. Kwa hiyo, vyama vingi viliporuhusiwa tena Desemba 1991, mrengo wa kushoto ulikuwa na mashujaa na maandishi, lakini haukuwa na matawi, haukuwa na hazina, na haukuwa na mazoea ya kusuluhisha tofauti zake hadharani. Hilo la mwisho ndilo lililogharimu zaidi.

Gharama hiyo ilionekana mara moja. FORD, jukwaa la kudai demokrasia lililoundwa mwaka 1991 na kumhusisha Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa miongoni mwa waasisi wake, lilikuwa na uwezo wa kuishinda KANU, lakini likagawanyika mwaka 1992 kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Yaliyobishaniwa yalihusu namna ya kumpata mgombea urais: upande wa Kenneth Matiba ulitaka wanachama wote wapige kura, na upande wa Odinga ulitaka wajumbe ndio waamue. Utaratibu haukuwa umekubaliwa mapema, na kila upande ukachagua utaratibu uliomfaa mtu wake. Daniel arap Moi alishinda urais Desemba 1992 kwa takribani asilimia 36 ya kura. Miaka kumi baadaye, NARC, muungano wa vyama vya upinzani, ilimaliza utawala wa KANU kwa kumwingiza Mwai Kibaki madarakani kwa takribani asilimia 62, ikiongozwa na hati ya maelewano kati ya kambi zake mbili, lakini hati hiyo ilihusu zaidi mgawanyo wa vyeo, na ilipopuuzwa baada ya ushindi, kambi hizo zikakabiliana katika kura ya maoni ya Novemba 2005. FORD ilikosa utaratibu. NARC ilikuwa na maelewano ya vyeo bila madai ya umma ambayo wananchi wangeweza kuyatumia kuwabana viongozi.

Mwenyeji, mbara na mpaka uliochorwa vibaya

Katika pwani ya Kenya, kikwazo kikubwa cha umoja wa wanyonge kimekuwa mgawanyiko kati ya wenyeji na watu wa bara. Malalamiko ya wenyeji yana msingi wa kweli, kwani waliona ardhi ikienda kwa wengine, nafasi za juu hotelini zikienda kwa wengine, na maamuzi yakifanyika mbali. Siasa ziliyapa malalamiko hayo sura mbalimbali. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kilitetea majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake, kabla ya kujivunja Novemba 1964. Chama cha Kiislamu cha IPK kilinyimwa usajili mwaka 1992. Chama cha Shirikisho kilisajiliwa mwaka 1997. Baraza la MRC (Mombasa Republican Council) lilikuja na dai la kujitenga, ambalo serikali ililijibu kwa marufuku yaliyobatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2012.

Sura mbaya kuliko zote ilikuwa ya Agosti 1997, wakati kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na ghasia zikaenea hadi Kwale, huku watu wa bara wakiuawa na maelfu wakikimbia makazi yao. Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila nchini iliyaangalia pia mapigano hayo, yaliyotokea miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Waliouawa na waliofukuzwa hawakuwa wenye viwanja vya ufuoni. Walikuwa wapangaji wa vyumba, vibarua, wachuuzi na wafanyakazi wa hoteli, na kilichofuata ni kufungwa kwa hoteli na kupotea kwa kazi za wenyeji waliobaki. Hasira iliyotokana na ardhi ilielekezwa kwa mtu asiye na ardhi, na mfumo uliozalisha uskwota ukabaki mahali pake.

Funzo la mwaka 1997 ni zito kwa yeyote anayetaka kujenga muungano Galu. Muungano wa mrengo wa kushoto hauwezi kuliacha dai la mwenyeji kwa kisingizio cha umoja wa kitabaka, maana kumwambia skwota wa Kinondo kwamba dhuluma yake haina kabila ni kumnyima historia yake. Wala hauwezi kulipokea dai hilo katika sura inayomfanya mhudumu wa hoteli aliyezaliwa Kitui au Kisumu kuwa adui. Njia iliyopo ni kuyaandika madai kwa namna inayotaja chombo cha dhuluma badala ya kabila la mtu: kupitia upya hati za viwanja vya ufuoni vilivyotolewa kinyume cha sheria, kufungua njia za umma za kwenda baharini, mikataba ya kazi inayodumu zaidi ya msimu mmoja kwa mwenyeji na mgeni sawia, na fungu la jamii katika mrabaha wa madini kusimamiwa na kamati iliyochaguliwa kijijini. Madai yaliyoandikwa hivyo yana mpinzani anayejulikana, na mpinzani huyo si mpangaji wa chumba cha jirani.

Hesabu ya debe na masharti ya sheria

Mfumo wa uchaguzi wa Kenya humpa kiti cha ubunge mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hakufikia nusu, na kwa hiyo huuadhibu vikali upande unaosimamisha wagombea wawili. Jirani wa karibu alilijua hilo mapema: katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, chama cha ASP kilipata takribani asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, huku vyama vya ZNP na ZPPP, vilivyoungana, vikiunda serikali. Abdulrahman Babu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa ZNP, alijitenga mwaka huo na kuunda chama cha Umma kilichokuwa na mwelekeo wa kisoshalisti, na ugomvi juu ya uteuzi wa wagombea ulikuwa sehemu ya sababu. Kwa mara nyingine, itikadi na utaratibu vilikwenda pamoja.

Kwale imetoa mifano yake. Katika uchaguzi mdogo wa Msambweni wa tarehe 15 Desemba 2020, eneo bunge ambalo Diani na Galu zimo ndani yake, Feisal Bader aliyesimama kama mgombea huru alipata kura 15,251 na kumshinda Omar Boga wa ODM, chama cha Raila Odinga, aliyepata 10,444. Taifa zima liliusoma uchaguzi huo kama pambano la William Ruto, Naibu Rais wa wakati huo, na Odinga, na maswali ya hati, ya ujira na ya mgodi yakawa mapambo ya kampeni. Mwaka 2022, ODM na Wiper, vyama viwili vya muungano mmoja wa Azimio, vilisimamisha kila kimoja mgombea wake wa ugavana wa Kwale, Hamadi Boga na Chirau Ali Mwakwere, na Fatuma Achani wa UDA, chama cha Ruto, akashinda, ingawa katika kura za urais za kaunti hiyo hiyo Raila Odinga ndiye aliyeongoza. Wapiga kura hawakukosa msimamo. Vyama vyao ndivyo vilivyokosa mapatano ya ngazi ya kaunti.

Sheria nayo ina masharti yake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 hukitaka chama kinachotafuta usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 waliojiandikisha kupiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47, na kuwa na ofisi katika kaunti hizo, sharti ambalo huvibana vyama vidogo visivyo na fedha na kuvisukuma kutafuta vyama vilivyokwisha kusajiliwa. Marekebisho ya mwaka 2022 yalileta chama cha muungano, yaani muungano unaotambuliwa na Msajili wa Vyama kama chama kimoja huku vyama wanachama vikibaki hai, na mapatano yake yanapaswa kuwasilishwa miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, hiyo ina maana kwamba kazi ya kukubaliana lazima ikamilike kufikia Aprili ya mwaka huo. Makundi yanayosubiri msimu wa kampeni ndipo yazungumze yatakuta mlango wa sheria umefungwa.

Kujenga kutoka chini

Hali ya sasa ina nafasi ambayo haikuwapo kwa miaka mingi. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yaliwatoa vijana barabarani Nairobi, Mombasa na miji mingine, yakamlazimisha Rais Ruto kukataa kuutia saini mswada huo siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25 Juni, na yakafanyika chini ya mwito wa kutokuwa na kiongozi, kabila wala chama. Mwito huo uliwalinda vijana dhidi ya kununuliwa, lakini harakati isiyo na chama haina mgombea kwenye karatasi ya kura, na hasira yake hurithiwa na wanasiasa walioizoea kazi hiyo. Mapatano ya Machi 2025 kati ya UDA na ODM, na kifo cha Raila Odinga tarehe 15 Oktoba 2025, vimewaacha wapiga kura wengi wa pwani bila makao ya kisiasa waliyoyajua kwa karibu miaka ishirini. Vituo vya haki za kijamii, vyama vidogo vya kisoshalisti na vikundi vya wanaharakati vinaendelea kuzungumzia jukwaa moja la uchaguzi kwa mwaka 2027.

Jukwaa hilo litajifunza kwanza kutoka kwa kilichotokea ndani ya mrengo wenyewe. Chama cha SDP kilichoongozwa na Mwandawiro Mghanga, mwanasiasa wa Taita aliyewahi kuongoza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye kuwa mbunge wa Wundanyi, kiligeuka kuwa Chama cha Kikomunisti cha Kenya mwaka 2019. Mwaka 2022 chama hicho kilijiunga na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, na uamuzi huo ukawagawa wanachama wake hadi kundi lililoupinga likatengana na kuunda chama chake. Ubishi juu ya nani alikuwa sahihi hauondoi funzo la msingi: chama chenye itikadi iliyoandikwa vizuri kinaweza kupasuka kwa uamuzi mmoja wa muungano ikiwa wanachama hawajakubaliana mapema ni nani mwenye haki ya kuufanya.

Mfano wa nje unaofaa kutazamwa kwa makini ni Frente Amplio ya Uruguay, iliyoundwa mwaka 1971 na wakomunisti, wasoshalisti, Wakristo wa demokrasia na watu waliovihama vyama vikongwe. Muungano huo ulinusurika udikteta wa mwaka 1973 hadi 1985, ukashinda umeya wa jiji la Montevideo mwaka 1989, na ukapata urais katika uchaguzi wa mwaka 2004. Vyama vyake vilibaki vyama, lakini pamoja navyo kulikuwa na kamati za msingi za mitaa ambazo mwananchi aliweza kujiunga nazo bila kuwa wa chama chochote, na kamati hizo zilikuwa na wajumbe katika vikao vya uamuzi. Ufaransa inaonyesha upande wa pili: mwezi Juni 2024 vyama vya kushoto viliandika ilani ya pamoja kwa siku chache, vikaongoza kwa idadi ya viti bungeni, kisha vikatumia zaidi ya wiki mbili kubishana juu ya jina la waziri mkuu wa kumpendekeza. Ilani ilikuwapo, utaratibu wa kuchagua mtu haukuwapo.

Kwa Galu, kamati ya msingi ingekuwa baraza la wadi ambamo skwota, mvuvi, mfanyakazi wa hoteli, mama muuza samaki na kijana wa bodaboda wanakaa pamoja na kupitisha madai yao kwa pamoja, kisha kumteua mgombea wa uwakilishi wa wadi kwa kanuni iliyopitishwa kabla jina lolote halijatajwa. Kanuni hiyo ingesema nani ana haki ya kupiga kura ya mchujo, nani anahesabu, rufaa inapelekwa kwa nani, na ni sharti gani kila mgombea analitia saini la kutosimama kama mgombea huru akishindwa. Ingesema pia jinsi mshindi atakavyoripoti kwa baraza hilo, na jinsi michango inavyowekwa wazi kwa kila mwanachama, maana mali bila daftari huisha bila habari, na muungano wa maskini usiojua pesa zake zinatoka wapi hununuliwa kwa urahisi na mwenye kiwanja ambacho madai ya muungano huo yanakilenga.

Njia hiyo ni ya polepole, na wapo watakaosema kwamba wakati hautoshi. Hata hivyo, ushindi wa wadi moja ya Msambweni uliopatikana hivyo una uzito kuliko kura chache za urais zilizotapakaa nchi nzima, kwa sababu mwakilishi wa wadi anaingia katika bunge la kaunti linalopitisha bajeti na mipango ya matumizi ya ardhi ya kaunti, na kwa sababu wananchi wa wadi jirani wanaweza kuja kuona madai gani yametekelezwa. Montevideo ilitangulia Uruguay kwa miaka kumi na mitano. Mrengo wa kushoto wa Kenya, ambao umezimwa kwa marufuku mwaka 1969, kwa sheria mwaka 1982 na kwa mateso katika miaka iliyofuata, na ambao umejidhoofisha wenyewe kwa kugombania majina, unaweza kuingia katika uchaguzi wa mwaka 2027 na unaofuata ukiwa na wadi chache ulizozishinda kwa haki, madai machache yanayojulikana na kila mpiga kura, na kanuni ambayo hata aliyeshindwa anaikubali. Muungano wenye vitu hivyo vitatu hautategemea uhai wala utashi wa kiongozi mmoja, na umma wa Galu utakuwa na njia ya kuudai yale uliyoyaahidi.